Mashine ya kusaga visiki iliyokwisha kutumika: kuiendesha na kuitunza Malindi

Miti ya Malindi haiui mashine ya kusaga visiki. Kinachoiua ni mawe ya matumbawe, mchanga na chumvi. Mivinje ya upande wa Casuarina ni migumu, na mnazi una nyuzi zinazokera, lakini meno ya karbaidi, yaani yenye ncha ngumu kuliko chuma cha kawaida, yametengenezewa mbao na yatakula mbao kutwa nzima. Jiwe moja lililojificha kati ya mizizi ndilo linalovunja jino, jino likivunjika gurudumu linaanza kutetemeka, na mtetemo unalegeza bolti mpaka beringi inakufa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale yanayofanywa kabla ya kuwasha na baada ya kuzima. Huko ndiko mashine inakopona au kuharibika.

Nazungumzia mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono: injini ya petroli ya nguvu za farasi 13 hivi, mkanda, klachi, na gurudumu la chuma lenye meno mbele. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100, inapanda pikapu kwa mbao mbili imara na watu wawili, na inapita kwenye geti la ua. Injini yake mara nyingi ni Honda GX390 au ya kufanana nayo, kwa hiyo vipimo nitakavyovitaja ni vya GX390. Kama yako ni nyingine, soma kibati chenye namba ya modeli, utafute kitabu chake kwenye intaneti, kisha ufuate vipimo vya kitabu hicho.

Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza

Muuzaji atakuwashia, itanguruma, utaambiwa haina shida. Ikifika nyumbani, ichukulie kama mashine usiyoijua kabisa. Hujui oili ni ya lini, hujui bolti zilikazwa na nani, wala petroli iliyomo imelala miezi mingapi.

Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe. Hili si la siku ya kwanza tu: kila unapotaka kupeleka mkono karibu na gurudumu, waya huo utoke kwanza. Kuna mashine ambazo ukizungusha gurudumu unaizungusha na injini, nayo inaweza kuwaka.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza na chuma kikagonga chuma, beringi imekwisha. Kisha lizungushe polepole huku umetega sikio. Beringi nzima huteleza kimya, iliyoingia mchanga hukwaruza. Angalia pia kama gurudumu linakwenda sawa au linayumba kushoto na kulia. Likiyumba, shafti imepinda au gurudumu limekaa vibaya, na hapo usiendelee mpaka fundi wa mashine alione.

Futa grisi na vumbi kwenye viungo vilivyochomelewa, hasa pale mkono unaobeba gurudumu unapoungana na fremu. Ufa huanza kwa mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi. Fremu yenye ufa inaweza kuchomelewa upya na welda stadi. Gurudumu lenye ufa halichomelewi kamwe, hata ukiambiwa na mtu unayemwamini. Linatolewa na kununuliwa jingine.

Halafu meno. Yapitie moja moja kwa tochi. Ncha nzima ya karbaidi ina ukingo unaokwangua ukucha, iliyochoka imekuwa mviringo na inang'aa. Baadhi ya mashine zina meno ya duara yanayoweza kulegezwa na kugeuziwa upande mpya, kwa hiyo angalia kama bado kuna upande ambao haujatumika, maana hiyo ni pesa iliyokaa ndani ya mashine. Jino likiwa limevunjika, libadilishe pamoja na la upande wa pili linaloelekeana nalo, ili uzito wa gurudumu ubaki sawa. Safisha kikalio cha jino mpaka kisibaki na mchanga, maana chembe ikibaki chini ya jino bolti itajiona imekaza na kumbe haijakaza. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo kwa kipimo cha kitabu. Usiirefushe spana kwa kipande cha bomba, kwani bolti iliyovutika hukatika ikiwa kazini. Ukimaliza, chora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaopita juu ya bolti na kikalio chake. Kesho yake mstari ukiwa umekatika, bolti imeanza kuzunguka, na utaliona hilo bila kushika spana.

Kunoa ncha za karbaidi kunawezekana, lakini si kwa jiwe la kijivu la grainda ya kawaida. Jiwe hilo litaichoma ncha bila kuinoa. Inatakiwa jiwe la kijani la silikoni karbaidi au la almasi. Wengi hapa hawana jiwe hilo, na kuweka akiba ya meno mapya ni rahisi kuliko kutafuta fundi wa kunoa.

Oili na petroli

Mwaga oili ikiwa na joto kidogo, ndani ya chombo cheupe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimeta vipande vya chuma, ndani ya injini kuna kitu kinasagika, na afadhali ujue leo kuliko katikati ya kazi ya mtu. GX390 huchukua lita 1.1. Kwa joto la pwani, oili ya daraja la SAE 30 inafaa sana. 10W-30 inakubalika, lakini injini ya aina hii huweza kuila haraka zaidi joto likizidi nyuzi 27, na Malindi joto hilo ni la karibu kila siku. Pima mashine ikiwa imesimama sawasawa juu ya sakafu, na kijiti cha kupimia ukiingize bila kukizungusha kwenye nyuzi zake. Wanaokikaza kwanza ndipo wapime husoma oili nyingi kuliko iliyopo.

Petroli ya zamani yote itoke, ya tangi na ya bakuli la kabureta. Hewa yetu ina unyevu, na tangi likikaa nusu tupu maji hujikusanya chini. Chuja petroli mpya kwa kitambaa safi au chujio laini unapoimimina, hasa ikitoka kwenye mtungi uliokwisha kubeba vitu vingine. Plagi weka mpya, pengo la milimita 0.7 hadi 0.8.

Filta ya hewa ina sehemu mbili, sponji na karatasi. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, ichovywe kwenye oili safi ya injini kisha ikamuliwe mpaka isidondoke. Karatasi igongwegongwe taratibu, na ikiwa nyeusi ibadilishwe. Usipulize upepo wa kompresa kwa nguvu kwenye karatasi, kwani utaitoboa na mchanga utapita.

Mkanda ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama sentimita moja hivi, uko sawa kwa mashine nyingi. Ukiwa na nyufa au pembeni unang'aa, badilisha. Kama ni mikanda miwili, ibadilishe yote pamoja, kwani mpya na mzee haivuti sawa. Mwisho, hakikisha kinga ya mkanda ipo, swichi ya kuzimia inazima kweli, na mapazia ya mpira kuzunguka gurudumu hayajakatika. Mapazia hayo ndiyo yanayozuia jiwe lisikupige mguu. Mashine isiyo nayo isiwashwe.

Mavazi

Kikoi, kanzu, shuka na makobazi vibaki nyumbani. Suruali nzito isiyopwaya, buti ngumu, miwani ya kinga pamoja na kinga ya uso, vizibo vya masikio, glavu zinazobana kiganja. Mwenye kilemba au mtandio auingize ndani ya nguo. Msaidizi avae vivyo hivyo. Watu wengine, na hasa watoto ambao watakuja kutazama bila kukosa, wakae si chini ya mita 20. Magari yasogezwe na vioo vya dirisha la karibu vizibwe kwa mbao au gunia.

Kuchimbua kisiki: kazi yenyewe iko hapa

Fukua kuzunguka kisiki chote, upana wa hatua moja na kina cha shibri moja au mbili, kwa jembe na beleshi. Mchanga wote ulioambatana na mbao uuondoe kwa brashi ngumu. Mchanga ni mawe madogo, na meno yanayosaga mbao iliyojaa mchanga huisha mapema.

Baada ya hapo shika mtaimbo na uuchome kila shibri kuzunguka kisiki. Katika mchanga mtupu unaingia kimya. Ukigonga mzizi unarudi na sauti nzito. Ukigonga tumbawe unalia, na ukiutoa ncha yake ina unga mweupe. Mzee mmoja wa Muyeye aliwahi kuniambia, "Hapo hapana jiwe, mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye ua huu." Nikamwambia, "Sawa mzee, hebu tuuachie mtaimbo useme." Ulilia pande mbili za kisiki. Tulipochimba tulikuta msingi wa ukuta wa kale, mnazi umeota juu yake na mizizi imeyashika mawe yote. Mzee aliyakumbuka hapo, na akatuonyesha ukuta huo ulikoelekea, tukajua upande wa kuchimba. Mwenye ua msikilize sana, lakini mtaimbo usiuache.

Mawe yanayotoka yatoe kwa sururu. Yasiyotoka yazunguke, yaani sehemu hiyo ya kisiki ikatwe kwa shoka au msumeno.

Chuma nacho kinatafutwa. Mnazi uliosimama karibu na nyumba umepigiliwa misumari ya kamba za kuanikia, ya mabango, ya nyaya za taa. Waya ulioachwa humezwa na mti mwingine, kama mwembe, mpaka usionekane kwa nje. Kisiki kilichowahi kuchomwa moto kina majivu na misumari iliyobaki ya takataka zilizochomewa hapo. Sumaku kubwa ya spika mbovu ikipitishwa polepole juu ya mbao husaidia kuipata misumari iliyo karibu na uso.

Kabla ya yote hayo, uliza mabomba ya maji na nyaya zinapita wapi. Mabomba ya plastiki ya kuingiza maji ya MAWASCO, kampuni ya maji ya Malindi, nyumbani mara nyingi hayakufukiwa kina. Fuata mstari kutoka mita mpaka nyumba. Uliza pia shimo la choo liko wapi na lina mfuniko gani, maana uzito wa mashine juu ya mfuniko uliooza ni hatari ya kufa mtu.

Kusaga

Kata kisiki kifike chini kadiri uwezavyo kwa msumeno kwanza. Kila sentimita inayobaki juu itakulia petroli na meno.

Washa mashine gurudumu likiwa juu, halijagusa kitu. Iache ipate joto dakika mbili tatu. Mzunguko ukiwa wa chini, gurudumu lenye klachi ya kujishika, yaani inayoshika yenyewe kasi ikipanda, halitakiwi kuzunguka. Likizunguka, klachi inanata au mzunguko umewekwa juu mno. Kisha peleka mkono wa kasi mpaka mwisho. Mashine hizi husaga kwa kasi kamili, na kusaga kwa nusu kasi huifanya klachi iteleze na kuungua.

Anza kwenye ukingo wa kisiki ulio upande wako, usianze katikati. Shusha gurudumu likate sentimita mbili au tatu tu, lipeleke polepole kushoto na kulia, sukuma mbele kidogo, rudia. Sikiliza injini. Sauti ikishuka, inua kidogo au punguza mwendo wa kupeleka mpaka ipande tena. Ukifika ng'ambo ya kisiki, rudi mwanzo na ushushe tabaka jingine. Mikono ndiyo itakayochoka kwanza kwa mtetemo, kwa hiyo pumzika kila nusu saa, na wakati huo huo zima uangalie meno.

Kuzima kwenyewe kuna utaratibu wake. Inua gurudumu, punguza kasi, iache ingurume chini dakika mbili, zima. Gurudumu litaendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kunyamaza. Usisogee mpaka lisimame kabisa kwa macho yako. Kuondoa vibanzi tumia reki, usitumie mguu.

Kina kinategemea matumizi. Kwa nyasi au maua, sentimita 15 hadi 20 chini ya ardhi zinatosha. Kwa kabro, yale matofali ya kutandika uani, nenda sentimita 30 na utoe vibanzi vyote, ujaze udongo mgumu na kushindilia, la sivyo mbao itaoza na kabro litabonyea. Kwa msingi wa nyumba, kusaga peke yake hakutoshi, mizizi yote inachimbwa.

Jambo la majirani: usiwashe karibu na msikiti wakati wa swala ya Ijumaa. Mashine hii inasikika mbali, na kazi ya mtaani inategemea heshima.

Mti kwa mti

Mnazi hauna mzizi mkuu. Una shina nene chini lenye mizizi mingi sana, mingi ikiwa na unene wa kalamu au kidole, na mbao yake ni nyuzi kutoka juu hadi chini. Hautoi vibanzi vya kuvunjika, unatoa nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye shafti ya gurudumu na kuingia kwenye sili ya beringi. Kila tabaka likiisha, zima, toa waya wa plagi, kata nyuzi kwa kisu na uzivute zote. Mnazi wa siku mbili tangu kuangushwa bado umejaa maji. Uliokauka miezi kadhaa husagika kwa urahisi zaidi.

Ila usiuache mwaka. Shina la mnazi linalooza ni mahali anapotaga mbawakawa mwenye pembe, yule anayetoboa makuti machanga ya minazi mizima. Funza wake hukua humo. Ukimsagia mtu mnazi uliokufa, unaikinga pia minazi iliyobaki, lakini vibanzi usivirundike kwenye fungu lenye unyevu, kwani fungu nalo atalitagia. Vitandaze vyembamba juani vikauke.

Mvinje ni mgumu na mzito. Chukua sentimita moja hadi mbili tu kwa kila tabaka, na tarajia meno kuchoka mapema. Mwarobaini na mjohoro ni laini zaidi, lakini huchipua tena. Fuata mizizi minene inayotoka pembeni angalau hatua moja, uisage nayo, na mwambie mwenye ua akate chipukizi kila linapoonekana. Mwembe hausumbui mashine, ila utomvu wake huwasha ngozi za watu wengine, kwa hiyo funika mikono.

Vibanzi vibichi vya mti wowote usivichanganye na udongo wa shimo unalotaka kupandia. Vikioza hula naitrojeni na mmea mpya unageuka njano. Vitandaze juu ya ardhi kuzuia jua, mbali na ukuta wa nyumba na milango ya mbao, kwa sababu mchwa hawakawii.

Jioni

Hapa ndipo wengi huharibu mashine nzuri. Ikishapoa, ondoa vibanzi kwenye mapezi ya kupozea injini kwa brashi na upepo, maana vikikauka karibu na ekzosi vinashika moto. Kama unaiosha, tumia maji ya bomba yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, na kuiosha mashine kwa maji hayo ni kuipaka kutu kwa mkono wako. Usielekeze mkondo wa nguvu kwenye beringi, kabureta wala filta. Kausha, kisha paka kwa kitambaa oili nyepesi kwenye gurudumu, vichwa vya bolti, kebo na sehemu zote zisizo na rangi. Mkanda na klachi visiguswe na oili hata tone.

Futa nipeli za grisi, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, kabla ya kuweka pampu, la sivyo unausukuma mchanga ndani ya beringi. Pampu mara mbili tatu mpaka grisi ya zamani ianze kuchungulia, basi. Mimi hufanya hivyo kila siku ya kazi kwenye mchanga, na filta ya hewa huifungua kila siku vilevile, hata kama kitabu kinaruhusu saa 50. Oili kitabu kinasema saa 100 au miezi sita. Kwa mazingira yetu nashauri saa 50, na mara ya kwanza baada ya saa 20 tangu uinunue, ili kuosha yaliyoachwa na mwenyewe wa zamani. Nafasi za valvu zipimwe na fundi kila mwaka au saa 300, injini ikiwa baridi: milimita 0.15 upande wa kuingiza, 0.20 upande wa kutoa. Kama haina mita ya saa, andika kwenye daftari.

Dalili zake

Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweusi, kwanza tazama filta ya hewa. Mkanda ukipiga mluzi unapoanza kukata, umelegea au umepata oili. Mtetemo mpya ulioanza ghafla hauvumiliwi hata dakika moja: zima, hesabu meno. Injini ikikataa kuwaka kabisa, angalia oili kabla ya plagi, kwani GX390 nyingi zina kifaa kinachoizuia injini oili ikipungua. Mashine kubwa zenye haidroliki zikivuja, usitafute tundu kwa kiganja. Pitisha kipande cha katoni, kwani mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na aliyetobolewa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Masika ikiingia, kuanzia Aprili, kazi hupungua na mashine hulala. Maliza petroli yote mpaka bakuli la kabureta liwe kavu. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili safi ndani ya silinda, vuta kamba mara mbili taratibu, rudisha plagi. Iinue juu ya mbao isikae kwenye sakafu yenye unyevu, uifunike kwa gunia au turubai la nguo linalopitisha hewa. Nailoni itabana unyevu na kuiozesha humo ndani. Kila mwisho wa mwezi zungusha gurudumu kwa mkono na upake oili upya pale ambapo upepo wa kusi umeacha chumvi.